Pikapu ya Baba Haizimwi

Jumamosi, 29 Juni 2024

Pikapu iko uani! Ya baba. Yangu sasa — bado sijazoea kuandika hivyo.

Baba kafanyiwa upasuaji wa macho, na daktari kamwambia usukani basi. Kaka Sabiri alijua atapewa yeye, maana yuko palepale Handeni na baba anakula kwake. Baba akasema mpeni Hajira, ana ndizi za kubeba. Alisema huku anaangalia ukuta. Sabiri hajaninunia sana. Kiasi tu.

Nimeiendesha mwenyewe Handeni hadi Korogwe, na mlima wote hadi huku Lutindi. Haikukohoa. Kule Handeni iliwaka kwa kuguswa tu. Kasmiri, fundi wa baba wa siku zote, aliipiga bodi kofi akasema hii injini itatuzika sote. Baba aliponipa ufunguo alisema neno moja: ukifika ilaze kwenye mteremko. Maneno ya wazee. Nikaitikia nikaondoka.

Benedicto akatoka shambani kuipokea, mikono ina udongo. Mume wangu hajui gari hata kidogo. Akaizunguka, akapiga tairi teke kama wanavyofanya wanaume wote. Nikaizima katikati ya uwanja, pale alipotandaza udongo ukawa sawa kwa ajili ya kuanika maharage. Kimya. Akasema: leo ndiyo mara ya kwanza naisikia imezimwa hapa.

Kweli kabisa. Tangu tuoane baba huja mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Na kila anapokuja anaiacha inaunguruma. Anashusha gunia la mahindi, anamshika mwanetu Angel kichwa, chai anakunywa nusu kikombe amesimama. Benedicto anaongea naye dirishani. Halafu huyo, ameshuka mlima. Hajawahi kuizima uani kwangu. Hajawahi kulala hapa hata usiku mmoja.

Sababu sikuwahi kuuliza. Niliolewa na Mkristo, tena Msambaa wa mlimani, na baba aliitikia harusi kwa shingo upande. Mtu akiacha injini inaunguruma mlangoni kwako, ameshasema yote.

Sasa hawezi kuendesha. Nikimfuata mimi na gari nikamleta, atafanyaje? Nataka alale hapa. Usiku mmoja. Nimeandika, basi.

Jumapili, 30 Juni

Haiwaki!

Ukungu wa asubuhi ulikuwa umekaa juu ya migomba, vidole vinauma kwa baridi. Nikapiga stata. Inazunguka vizuri, betri ina nguvu, lakini injini haishiki. Nyuma ukatoka moshi mweupe, mzito, unachoma macho. Nikapiga tena. Moshi zaidi! Watu wanaoenda ibada misheni wakasimama kutazama. Jirani yetu Shida akauliza kama leo tunafukuza mbu wa Lutindi yote.

Wanaume wa kwaya wakaja kunisukuma, suruali nyeusi zimepigwa pasi, maskini. Tukaifikisha barabarani kwenye mteremko, nikaachia klachi, ikashtuka. Ikatetemeka kama mtu mwenye homa. Ikatoa wingu jeupe juu ya kwaya nzima. Halafu ikatulia, moshi ukakatika, ikawa inaunguruma kama jana.

Mchana nimeizima na kuiwasha mara kadhaa. Haina shida yoyote!

Kwa nini asubuhi tu? Jambo nisilolijua linaniwasha kama upupu.

Jumatatu, 1 Julai

Vilevile. Moshi. Kusukumwa. Ila leo nilikwenda nyuma kwenye ekzosi Shida akiwa anapiga stata, nikanusa. Harufu ya dizeli mbichi. Siyo harufu ya kitu kilichoungua — ni dizeli iliyopita tu ndani ikatoka nje kama ilivyoingia.

Nikafungua rejeta: maji yamejaa kama nilivyoyaacha. Nikachomoa kijiti cha oili: oili iko sawa.

Shida ana maelezo yake. Anasema gari la Wazigua wa Handeni halijazoea mlima, lina kiburi. Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Jumatano, 3 Julai

Korogwe. Nimeshusha ndizi sokoni, nikapeleka gari kwa Godlisten, fundi mwenye gereji nyuma ya stendi. Kijana mpole, ana masikio ya kusikiliza injini.

Swali lake la kwanza: moshi rangi gani, dada? Nikamwambia mweupe. Akaniambia ukiwa wa bluu, oili inaungua. Mweusi, dizeli ni nyingi na hewa haitoshi. Mweupe ni mawili: ama maji yanaingia kwenye silinda, ama dizeli haijaungua. Nikamwambia maji hayajapungua na moshi unanuka dizeli. Akaniangalia vizuri sasa. Kwani wewe umeshaharibikiwa mara ngapi? Nikamwambia hii ndiyo ya kwanza, nina pua tu.

Akaingia, akawasha. Ikawaka papo hapo — si imetoka kushuka mlima, ina joto lake! Akazima, akawasha, akazima. Gari yako haina ugonjwa, dada.

Mwenzake mmoja alikuwa anakula muhogo, akasema tushushe nozo zote za kupulizia dizeli tukazipime. Nikasema hapana. Huwezi kumpasua mtu ambaye hujajua anaumwa wapi.

Godlisten kaomba ilale kwake, aiwashe mwenyewe alfajiri. Nimerudi kwa bodaboda.

Alhamisi, 4 Julai

Amenitumia video. Alfajiri, Korogwe, injini baridi. Anawasha — tii! Mara moja. Moshi kiduchu. Anacheka kwenye video.

Korogwe ni joto! Hata usiku wanalala milango wazi! Gari linaugua mlimani, fundi yuko bondeni. Kila akiliona, limeshapona.

Nimelifuata. Sijamkasirikia. Nimejikasirikia mimi kwa kutoliona hilo jana.

Jumamosi, 6 Julai

Leo nusura tuungue.

Shida alisema kwao zamani lori la chai lilikuwa linawashiwa jiko chini asubuhi za Juni na Julai. Nikasema tujaribu. Tukasukuma jiko la mkaa, moto wa kiasi, chini ya injini. Mimi nilichuchumaa pembeni na ndoo ya mchanga. Mkono ukiweka juu ya injini unasikia joto linapanda polepole. Nikapiga stata — ikawaka! Bila kusukumwa! Moshi ulikuwepo lakini mchache.

Benedicto akatoka, akaona jiko chini ya gari lenye dizeli. Sijawahi kumsikia akipiga kelele hivyo. Mama Angel, unataka kutuzika? Jiko likatolewa mbio. Tukaona mpira mmoja mdogo umeanza kulainika. Ana haki ya kukasirika. Nimemwomba radhi, nimeapa hatutarudia.

Lakini nimejua! Kinachokosekana ni joto. Stata nzima, dizeli inafika, hewa ipo. Joto tu.

Sasa swali: kule Handeni injini inapata joto la bure. Huku kwetu, waliotengeneza hili gari walitaka joto la asubuhi litoke wapi?

Jumapili, 7 Julai

Ni sikukuu ya Sabasaba, Godlisten yuko kwao anakula nyama, lakini kapokea simu. Nikamuuliza lile swali. Akajibu bila kufikiri: hita.

Kumbe! Dizeli haina cheche kama petroli. Inawaka kwa joto tu, ile hewa ikibanwa sana ndani. Injini ikiwa baridi, au ikiwa imechoka kidogo kubana, joto halitoshi. Kwa hiyo kila silinda ina plagi yake nyembamba kama penseli, ncha yake inawaka nyekundu, inapasha mle ndani kabla hujapiga stata. Ndiyo hita.

Akaniuliza: ukiweka ufunguo, kale kataa kadogo ka njano kwenye dashibodi, kenye mchoro wa waya uliojikunja, kanawaka? Kanawaka. Halafu kanazimika? Kanazimika. Basi hita nzima, dada, kula sikukuu.

Nilikata simu, nikaanza kupiga pasi nguo za shule za Angel. Na pasi ndiyo iliyonifungua macho. Pasi yangu ya zamani taa ilikuwa inawaka vizuri, na chuma ni baridi kama jiwe! Taa inasema tu umeme umefika kwenye taa. Haisemi kitu kingine.

Nikaacha pasi. Nikafungua boneti. Nikazitafuta hizo penseli. Ziko nne kwa mstari, zimeunganishwa juu na kipande kirefu cha bati, na kutoka kwenye bati unakuja waya mnene wa kuleta moto wa betri. Niliufuata kwa kidole. Umepita nyuma ya mpira wa hewa, umefika mahali — umeisha. Umekatwa. Siyo kuliwa na panya, siyo kuungua. Umekatwa kwa koleo, ncha zote mbili zimezungushiwa selotepu nyeusi, vizuri, kwa utulivu. Selotepu ina vumbi la miaka.

Mtu aliukata waya huu makusudi.

Jumatatu, 8 Julai

Nimempigia Kasmiri. Shikamoo, marahaba, Lutindi hawajambo, ndizi zinaendaje. Halafu nikamuuliza habari ya waya.

Hakuficha. Alisema hita moja ilikuwa imekufa vibaya, inaunguza fyuzi kila mara. Mwaka ambao Angel alianza kutambaa. Akamwambia baba zinunuliwe zote nne mpya. Baba akasema kata waya, Handeni hakuna baridi. Kasmiri akamwambia, mzee, ukipanda kwa bintiyo utasumbuka, asubuhi haitawaka.

Nikamuuliza, akasemaje?

Kasmiri akanirudishia maneno ya baba. Alisema: Lutindi mimi silali.

Nikauliza kama alisema kwa utani. Kasmiri akasema hapana, hakuwa anacheka. Akaongeza haraka kwamba ni zamani, watu husema mengi.

Sina la kuandika zaidi.

Jumanne, 9 Julai

Nimesukumwa. Nimeuza ndizi. Nimerudi.

Benedicto kaniuliza nina nini, nikamwambia. Akaendelea kupukuchua mahindi. Baadaye akasema: si tulikuwa tunajua? Ndiyo, tulikuwa tunajua. Lakini kujua kwa kuhisi ni kitu kimoja, na kuona waya uliokatwa ni kingine. Nimeumia. Nimeumia sana na sina wa kumgombeza.

Jumatano, 10 Julai

Nilikuwa nimeapa siuungi. Abaki na gari lake la Handeni.

Leo nimeuunga.

Ukweli ni kwamba sikuvumilia kutojua. Je, nikiunga, itawaka? Hilo tu. Nimekwenda kwa Godlisten, nikamwonyesha selotepu. Alishika kichwa. Akasema na mimi nikakwambia kula sikukuu!

Akazifungua plagi zote nne. Akazipima moja moja: waya kutoka kwenye betri hadi kichwani, mwili wake kwenye chuma. Ya kwanza, kitu hakuna. Ya pili, ncha ikaanza kuwa kahawia, halafu nyekundu, halafu karibu nyeupe — nzuri jamani! Ya tatu imevimba ncha, ndiyo iliyokuwa inaunguza fyuzi. Ya nne imekufa. Akaniachia nipime tena ile nzima kwa mikono yangu, na koleo. Nilisimama nikaitazama inavyoiva. Nusu ya gereji walikuwa wananitazama mimi.

Tumeweka mpya zote. Waya umeungwa, umefungwa vizuri. Alinionyesha jambo jingine: hita zikiwa zinavuta moto, taa nyingine za dashibodi zinafifia kidogo. Hapo ndipo unajua zinafanya kazi, siyo kwa kale kataa. Na kataa kakishazimika, ndipo unapiga stata. Usiwe na haraka.

Ijumaa, 12 Julai

Jana mvua, sikuiwasha asubuhi. Leo baridi kali, manyunyu. Nikaweka ufunguo. Taa zikafifia. Nikasubiri. Kataa kakazimika. Stata —

Imewaka! Mara moja! Moshi kidogo, pumzi moja tu, ukapotea kwenye ukungu. Nilipiga honi kama bwana harusi. Shida akatoka na taulo kiunoni kuja kusukuma, akakuta hakuna kazi. Akasema sasa kwaya itafanya mazoezi ya nini.

Nilikaa pale usukanini na furaha yangu yote, injini inaunguruma. Ndipo likanijia wazo lililonifanya nizime.

Baba alikuwa anaacha injini ikiunguruma uani. Sawa. Lakini kama waya ulikatwa Angel akitambaa, basi tangu hapo baba hakuwa na namna ya kuizima huku! Angeizima jioni, akae, ikapoa — asingeondoka bila kusukumwa. Uwanja wetu ni tambarare. Nani angemsukuma? Benedicto na ndugu zake. Wakwe zake! Mzee Sadala, baba yangu, mwenye kanzu yake, asukumwe na wakwe! Afadhali afe.

Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa namsoma vibaya? Au namsoma sawa? Maana kabla ya Angel hita zilikuwa nzima, na napo hakuizima. Na waya ni yeye aliyeamuru ukatwe. Nimejaribu kuipanga hii habari kila namna, kuna kipande hakikai.

Kuna mtu mmoja tu wa kuuliza. Nimempigia. Nikamwambia Jumatatu nakuja kukuchukua, baba. Akasema: nitakuja, nitarudi siku hiyohiyo. Nikasema sawa. Sikumwambia habari ya waya.

Jumapili, 14 Julai

Benedicto amepiga deki chumba cha wageni. Amekwenda mwenyewe hadi kwa Mwislamu mmoja mwenye duka kule Makuyuni kuulizia kibla inakaaje kwa huku kwetu, amerudi amegeuza kitanda kisizibe nafasi ya kuswalia. Nikamwambia baba kasema hatalala. Akasema najua, nimegeuza tu.

Nampenda huyu mtu.

Jumatatu, 15 Julai

Niandike yote kabla hayajanitoka, wao wako sebuleni.

Nilifika Handeni asubuhi. Baba alikuwa ameshavaa, amekaa kibarazani. Hakuwa na mfuko. Kofia, kanzu, miwani mipya myeusi ya daktari. Hakubeba hata mswaki! Sabiri akamsaidia kupanda. Nikaweka ufunguo, nikasubiri kataa.

Baba akavua miwani. Akainamia dashibodi. Akasema: taa zimefifia.

Macho mapya yale!

Nikasema ndiyo. Akasema: umeunga waya. Nikasema nimeunga, na hita nimeweka mpya. Akarudisha miwani. Nikawasha, tukaondoka. Nilikuwa nimepanga maswali yangu vizuri kabisa, yakaganda yote.

Tumepita Sindeni ndipo akaanza mwenyewe, anaangalia mbele. Akauliza ipi ilikufa. Nikamwambia zimekufa tatu, iliyovimba ni ya tatu. Akasema alijua ni ya tatu.

Nikajikaza. Nikamwambia, baba, Kasmiri ameniambia ulichosema siku ile.

Nayaandika maneno yake kama yalivyo, nisije nikayaremba baadaye. Alisema: "Siku za mwanzo nilikuwa na hasira, Hajira. Sikufichi. Niliukata waya hasira ikiwepo. Iliponitoka, waya ulikuwa umeshakatwa."

Nikamwambia si ungemwambia Kasmiri aunge! Akanigeukia kabisa: "Nimwambie nini? Kwamba sasa nalala Lutindi? Pale gereji pana watu, mwanangu!"

Nikauliza, kwa hiyo mwaka hadi mwaka unakunywa chai umesimama kwa sababu ya watu wa gereji? Akasema na kwa sababu ya mteremko, kwako hakuna. Alisema kwa kulaumu kabisa, kama vile mimi ndiye niliyesawazisha uwanja!

Nimelia hadi karibu Korogwe. Nilikuwa nacheka pia, ndiyo maana nilishindwa kuendesha vizuri, ikabidi nisimame pembeni. Alinipa leso yake. Akasema endesha, jua linakwenda.

Tumefika hapa alasiri. Nikaingiza uani, katikati, tambarare. Mkono kwenye ufunguo. Baba akasema: unaizima? Nikasema naizima. Nikaizima.

Hakushuka. Alikaa akisikiliza. Huku jioni kuna kimya cha peke yake, kuku tu na maji ya mfereji. Benedicto akaja mlangoni, shikamoo baba. Marahaba. Benedicto akafungua mlango, akampa mkono. Baba akaushika akashuka. Alikunywa chai ameketi. Kikombe kizima!

Kisha akatoa sharti. Akasema sawa, giza linaingia, barabara ina utelezi, atalala. Lakini alfajiri ataiwasha mwenyewe. Ikiwaka, nimrudishe Handeni mapema kabla watu hawajatoka. Isipowaka, atatafuta bodaboda hadi Korogwe, asisukumwe na mtu. Hivyo ikiwaka anaondoka, isipowaka anaondoka! Nikamwambia, baba, sasa nimeunga waya wa nini? Yeye akauliza kibla. Benedicto akamwonyesha.

Jumanne, 16 Julai

Niko dirishani jikoni. Nje ukungu, migomba haionekani. Baba ameamka kabla yetu. Nimesikia akitawadha, akaswali, kisha mlango. Sasa namwona amekaa usukanini, amejitanda shuka la Benedicto.

Maji ya chai jikoni. Nitakuwa naandika huku naangalia.

Ameweka ufunguo. Anasubiri — anajua kusubiri.

Imewaka! Mara moja. Moshi kidogo, umekwisha.

Inaunguruma. Inaunguruma uani kama miaka yote. Nausikia mlio huo, na mwili umeshazoea: baba anaondoka. Benedicto amekuja kusimama nyuma yangu.

Ameizima!

Labda imezimika. Hapana, namwona, mkono umegeuza ufunguo. Amekaa tu.

Anawasha tena. Imewaka. Amezima tena. Anacheka peke yake! Mzee wangu anacheka peke yake kwenye ukungu. Benedicto ananong'ona kwamba atamaliza betri. Nikamwambia nenda kamwambie. Akasema nitakwenda kumwambia nini? Nikamsukuma.

Amekwenda. Amesimama dirishani kwa baba kama alivyokuwa akisimama siku zote. Sisikii wanachosema. Baba anaonyesha kidole kwenye dashibodi. Benedicto anaitikia kwa kichwa, hajui kitu yule, hajui hata klachi iko mguu gani.

Baba anafungua mlango. Anashuka. Mungu wangu, anaondoka kwa bodaboda? Hapana. Ameshika mlango. Anamwambia Benedicto aingie.

Benedicto ameingia! Amekaa kiti cha baba, magoti yamegonga usukani. Baba ameegemea dirisha kwa nje, shuka begani. Amempa ufunguo.

Chai imemwagikia jiko, acha imwagike.

Benedicto anataka kugeuza mara moja, na baba amemshika mkono. Sasa nawasikia. Subiri, baba anamwambia. Usiwe na haraka. Subiri kwanza taa izimike.